Chumo Lake Chuma

Habari aliileta Sele Bando, na kama kawaida yake aliileta bila salamu. Alifika kijiweni alasiri, simu kainyanyua juu, anatafuta mtandao kwanza na watu baadaye. Akakanyaga sinia la kashata la Hamad Mpemba, akatutangazia kwamba Tanga yetu imetoka duniani.

"Imetoka duniani imekwenda wapi?" akauliza Hamad, macho yake yako kwenye kashata.

Kijiwe chetu kiko Makorora, juu ya nguzo ya umeme iliyolazwa kando ya ukuta wa nyumba ya Mzee Tahiri. Nguzo hiyo waliileta watu wakasema wanakwenda kuchimba shimo, wanarudi. Sisi tukaona badala ya kuwasubiri tumesimama, tuwasubiri tumekaa. Sasa imelainika kwa makalio yetu, na siku wakirudi kuitaka itabidi kwanza watutafutie pa kwenda. Kahawa anauza Hamad, aliyetoka Pemba kuja kumwona shemeji yake akasahau kurudi. Mimi wananiita Shahidi, kwa kuwa kila likisemwa jambo mimi huwa nilikuwepo. Hili nalo nilikuwepo, tena nilikaa upande wa dirisha.

Mwenye nyumba, Mzee Tahiri, tunamwita Mzee Breki. Kazi yake ilikuwa reli mpaka alipostaafu, lakini jina halikutoka reli, lilitoka kooni. Akitaka mjadala usimame, anakohoa. Si kukohoa kwa maradhi. Ni ile khrrrm ya mwanamume anayeingia kwake, wanawake wajue wajitande, ila yake inaanzia chini ya kitovu, inapanda taratibu huku inakokota vitu, na ikifika juu paka anashuka ukutani. Akiingia nyumbani kwake, wanawake wa nyumba ya nne wanavuta kanga.

Siku ile Mzee Breki alikuwa na raha zake. Juma zima hakuwa na hadithi nyingine ila ya mkwe. Binti yake Sabra, mtoto mpole ambaye hata ukimsalimu unajiona umemsumbua, alikuwa ameposwa na kijana wa Raskazone, na baada ya swala ya magharibi siku hiyohiyo wazee wa mume walikuwa waje kuchukua jibu. Mshenga ni mwenzetu wa hapahapa nguzoni, Hatibu, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda mahakama ya mwanzo mchana kutwa akisubiri mvua ikatike.

Jibu la Mzee Breki lilikuwa ndiyo, na mtaa mzima ulikuwa unalijua. Alipomwuliza mshenga chumo la kijana ni nini, alijibiwa neno moja tu: chuma. Basi. Mengine aliyoyauliza aliyauliza kwa raha tu. Mtu aliyezeekea Tanga akisikia chuma anaona viwanda, anaona nondo, anaona malori ya vyuma chakavu yanaingia na kutoka. Tangu siku ile akawa anatoa vyuma vyake vyote uani, anavipanga, ili mkwe akiingia aone kaingia nyumba inayoiheshimu kazi yake. Kilitoka kitanda cha chuma alichozaliwia mkewe, zikatoka fremu za baiskeli, jiko lililotoboka, nanga isiyo na chombo, na kipande cha reli ambacho hakuna aliyethubutu kumwuliza kilifikaje nyumbani kwa mstaafu.

Sasa Sele akakaa, akapangusa kashata chini ya kandambili, akaanza kusoma kutoka kwenye simu. Kijana wa Tanga apiga chuma mpaka Wazungu wa nchi za barafu wachanganyikiwa.

"Chuma," akasema Mzee Breki, akitutazama mmoja mmoja. "Mnasikia lakini?"

"Anaitwa Mundhir, mkazi wa Raskazone."

Mzee akanyanyuka, akaiweka sawa kofia. "Huyo ndiye mkwe wangu. Hebu rudia hapo pa Wazungu."

Sele akarudia hapo pa Wazungu. Mzee akataka kujua hao Wazungu wanataka kununua kiwanda au wanataka ubia. Sele akamwambia hapana, wanataka aende kwao akapige jukwaani, watu waone.

"Apige chuma jukwaani?"

"Ndiyo, mzee wangu. Watu wanakata tiketi."

Mzee akafikiri kidogo, kisha akatugeukia sisi tusiojua mambo. "Maonyesho ya viwanda," akatufafanulia.

Nikamtupia jicho Wakili. Alikuwa anakoroga kahawa ambayo haina sukari.

Sele akabonyeza video. Kwanza likaja pazia la maua, lile lile la kila sebule ya mji huu. Mbele ya pazia kasimama kijana mwembamba, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia kichwani, na gitaa jeusi la umeme lenye ncha mbili kama limetengenezwa kwa ajili ya kuangulia maembe. Akainama kwa adabu. Akatoa salamu. Akasema shikamooni wazee. Halafu akalivamia lile gitaa.

Sijui niseme vipi. Chukua mashine ya kukoboa, itie misumari, iwekee kipaza sauti cha maulidi, utakuwa umekaribia lakini hujafika. Vidole havionekani. Kichwa kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, mpaka kofia ikachomoka ikatua kwenye bakuli la mchuzi, na kijana hakusimama, alikuwa anapiga tu huku anatabasamu. Kisha nyuma ya pazia ikatoka sauti. Si ya mtu ninayemfahamu, wala si ya mnyama ninayemla.

"Nani," ikasema, ikavuta pumzi ndefu. "Kachukua. Ndara zangu."

Paka aliyekuwa ukutani akashuka.

Video ikaisha. Sele alikuwa anacheka peke yake. Hamad alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa zamani. Mzee Breki bado alikuwa anaitazama simu, kwa upole, anasubiri iendelee.

"Kiwanda kiko wapi?" akauliza.

"Kiwanda gani, mzee?"

"Cha chuma."

"Ndicho hicho ulichokisikia. Huo ndio muziki wa chuma. Dunia nzima ndivyo wanavyouita."

Mzee akageuka taratibu, akamtazama Wakili. Sote tukajitoa katikati yao, hata Hamad akasogeza birika.

"Wakili. Mimi nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza chumo lake."

"Ukanijibu?"

"Chuma."

"Nikakuuliza hicho chuma anakifanya nini."

"Nikakwambia anakipiga."

"Nikakuuliza anakipigia wapi."

"Nikakwambia nyumbani kwao, na majirani wanalalamikia kelele. Sikukuficha hata moja."

"Nikakuuliza ana watu?"

"Nikakwambia wanaomfuata hawahesabiki. Ni wewe, mzee wangu, uliyesema kama wanamfuata wasimharakishe, kila mmoja atapata nondo zake." Wakili akakiweka kikombe chini. "Neno langu ni safi. Hukuniuliza chuma gani."

Hapo kijiwe kikawaka. Mimi nilisema mshenga kamili angesema gitaa. Wakili akasema mshenga kamili hujibu alichoulizwa, akimwaga kila kitu anakuwa mbeya. Sele akasema Wakili yuko sahihi, tena kijana ana kazi kubwa kuliko sisi sote kwenye nguzo hii, maana sisi tukiondoka hapa hakuna Mzungu wa nchi ya barafu atakayeuliza tumekwenda wapi.

"Yakhe, hiyo si kazi," akasema Hamad. "Kazi ni ile ukimaliza unanawa mikono."

"Mwalimu je?" Sele akadaka.

"Ananawa chaki."

"Dereva wa bajaji?"

"Ananawa oili."

"Haya, mwenyekiti wa mtaa?"

Hamad akafikiri. "Huyo ananawa mikono kila siku, ndiyo kazi yenyewe. Lakini huyu wa gitaa, mie nimemwangalia vidole, havina hata vumbi."

Mzee hakucheka. Alikaa kwenye nguzo kama mgeni wa nguzo. Akamwomba Sele amweleze vizuri, polepole, huyo kijana kafikaje hapo, maana jioni ile ile wazee wanakuja, na yeye keshatamka ndiyo mbele ya kila mtu mpaka muuza samaki.

Sele anajua maisha ya watu wa mtandaoni kuliko anavyojua ya kwao. Akasema Mundhir alianzia taarabu, anapiga gitaa kwenye maharusi, na kikundi kikamtoa kwa kosa la mbio. Akishika gitaa anachanganya mwendo. Wapambe wanainuka vitini kwenda kumtuza mwimbaji, hawajafika hata nusu ya ukumbi, wimbo umekwisha. Kuna harusi moja nyimbo zote za usiku mzima aliziua kabla biryani haijapakuliwa, bibi harusi akatolewa nje bado hajaingia vizuri. Wakamrudisha kwao na gitaa lake.

Akakaa nyumbani. Siku moja akaliunga gitaa kwenye spika ya shangazi yake iliyopasuka, ikatoa mkwaruzo ambao mtu mwenye akili zake angeuzima. Yeye akaupenda. Akatega simu ajirekodi, na katikati ya kupiga shangazi akaingia na nazi mkononi, anauliza nani kavunja mbuzi ya kukunia. Mundhir hakuacha kupiga, na shangazi hakuacha kufoka, na kwa bahati ya Mungu wakamaliza pamoja. Video ile ilikwenda mpaka kwa Wazungu wenye nywele ndefu ambao chuma ni muziki wao wa asili. Wakaandika kwamba tangu wazaliwe hawajasikia hasira ya kweli kama ile ya yule mama. Wakauliza hiyo mbuzi ni shetani gani.

"Wakaambiwaje?" akauliza Hamad.

"Wakaambiwa ni kigoda chenye meno. Wakazidi kuogopa."

Tangu hapo, akasema Sele, ndiyo kazi yake. Mambo ya nyumbani kwetu, kwa mkwaruzo. Ana wimbo wa umeme kukatika katikati ya kupiga pasi. Ana wimbo wa mgeni anayeaga halafu hatoki. Shangazi alichoka akasema yeye ana mambo yake, na ndipo akaja huyu wa nyuma ya pazia, ambaye hajaonekana hata unyayo. Watu wanamwita Bwana Pazia. Mundhir ukimwuliza ni nani, anacheka tu anasema ni mtu wa heshima zake.

Hili la Bwana Pazia ndilo lililotupotezea adabu. Sele alisema kwa taarifa alizo nazo ni mlinzi wa bohari anayevuta sigara mbili kwa wakati mmoja. Hamad akasema mlinzi hawezi, koo la binadamu lina mwisho, na yeye kwao Pemba amesikia vitu, na kitu kama kile hakipigiwi gitaa, kinafukiziwa ubani na kuulizwa kinataka nini. Wakili akasema kimekwishasema kinataka nini, kinataka ndara zake. Mimi nikasema nimewahi kuisikia sauti hiyo mahali. Wakaniuliza wapi. Nikakosa wapi, wakanizomea, kwamba Shahidi kwa mara ya kwanza hakuwepo.

Mzee Breki akakohoa.

Khrrrm ikapanda, ikakokota ilivyokokota, tukanyamaza sote.

"Nisikilizeni," akasema. "Mimi si mtu wa zamani. Gitaa nimelisikia toka kijana, na nimecheza, na mke wangu Saleha nimemwona kwenye dansi. Kijana ana adabu, ametoa salamu, ameamkia wazee. Kofia kuangukia mchuzini ni ajali. Huyo ningemmeza. Lakini mtoto wangu ni yule mnayemjua. Akidondosha kijiko anaomba radhi. Nimtoe hapa nimpeleke nyumba ambayo nyuma ya pazia kuna kile kitu? Ale nacho? Akiamka usiku kunywa maji kimwulize ndara?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Neno alikwishalitoa, na mzee wa aina yake akilirudisha neno hatakaa tena kwenye nguzo, atapita upande wa pili wa barabara mpaka afe. Na asipolirudisha, atakuwa amemtoa mtoto kwa macho yake.

Wakili, ambaye alikuwa na lake la kulinda pia, ndiye aliyeleta njia. Akasema baba neno lake halirudi, ni kweli, lakini neno la mwali bado halijatoka. Lazima aulizwe. Na mwali utaratibu wake unajulikana: akinyamaza ameridhia, akisema hataki hakuna ndoa, na hapo si baba aliyevunja, wala si mshenga.

"Sabra atanyamaza tu," akasema Mzee. "Maisha yake yote ananyamaza. Ukimwuliza chai au uji, ananyamaza."

"Basi asiulizwe hivihivi," akasema Wakili. "Asikilizishwe kwanza. Akiisikia ile sauti, hata kama ni mpole vipi, atapiga ukelele wa sitaki. Sote hapa tutakuwa tumesikia. Shahidi yupo."

Nikasema nipo.

Mzee alikubali haraka mno, na uso ulimrudia rangi. Dirisha la chumba cha Sabra liko juu ya nguzo yetu, ndiyo maana nikasema upande wa dirisha. Mzee akaichukua simu ya Sele kwa mikono miwili, akasogea, akasimama pembeni ya pazia kwa heshima ya mwanawe. Hamad alishika birika lake kifuani, mtu aliyejiandaa kukimbia na mali yake.

"Sabra, mwanangu. Upo?"

Kimya.

"Nimekuja na suala la posa. Lakini kabla sijakuuliza, nataka usikie kazi ya huyo kijana. Kuna sauti humo ndani. Usiogope mwanangu. Baba yako nipo, na hawa wenzangu wapo."

Akabonyeza. Salamu ikatoka, shikamooni wazee ikatoka, gitaa likaanza kukoboa. Mzee akafumba macho akisubiri ukelele. Kofia ikaruka, kichwa kikaenda, tukafika palepale ambapo sauti inatakiwa itoke, na simu ikaganda. Kiduara kikawa kinazunguka tu. Mzee akaitikisa, akaipuliza. Sele akaichungulia, akasema bando limekata.

Tukasikia sufuria ikichemka ndani.

Halafu dirishani, bila spika, bila gitaa, bila umeme wowote, ikatoka.

"Nani. Kachukua. Ndara zangu."

Paka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi ukutani, akashuka tena. Birika la Hamad likamtoka mikononi, kahawa yote ikaenda kwenye mchanga. Mimi nilijikuta nimesimama juu ya nguzo na sijui nilipandaje.

"Zirudishe," ikaendelea, inakokota vitu. "Kabla. Sijatoka."

Kisha kutoka dirisha lilelile, sauti ya Sabra, ile ya kuomba radhi kwa kijiko.

"Baba, ndara zako ziko chini ya kitanda. Uliniuliza asubuhi ukatoka bila kusubiri jibu."

Mzee akatazama miguu yake. Sote tukatazama. Alikuwa peku. Siku nzima ya raha zake, mzee wa watu alikuwa peku.

"Sabra," akasema, na ile sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Kwako, baba."

Mzee akamrudishia Sele simu yake.

"Ulipokuwa ukisafiri na treni, mimi nilikuwa silali. Nakusubiri ukohoe mlangoni. Siku ambazo hurudi nikawa najikoholea mwenyewe chini ya shuka, ionekane umerudi. Nikazoea. Mpaka mama akawa anavuta kanga."

Ndani tukamsikia Bi Saleha akicheka, kumbe alikuwa anajua yote. Mzee Breki akashika nondo za dirisha kwa mkono mmoja. Mtu ambaye kwa kikohozi chake amesimamisha mijadala ya mpira, ya siasa na ya mirathi, alikuwa hawezi kukohoa. Machozi yalimlenga, akatuangalia kwa ukali ili tuseme hatukuyaona, nasi hatukuyaona.

"Ulikuwa ukienda Raskazone?" akauliza baadaye, baba ni baba.

"Sijatoka ndani, baba. Nyuma ya lile pazia pana spika tu. Nyinyi mkianza kugombana hapo nje, mimi naimba jikoni, namtumia kwa simu. Sauti zenu zinafunika yangu."

Tukatazamana. Miaka tumekuwa tukibishana juu ya nguzo ile tukidhani hatuna faida kwa mtu.

"Huyo Mundhir," akasema Mzee, "umeridhika naye?"

Sabra akanyamaza.

Wakili akanyanyua kidole. "Amenyamaza. Mmesikia kimya."

"Lakini yakhe," akasema Hamad, anapangusa mchanga kwenye birika, "mwali gani huyu? Keshaunguruma kabla ya kunyamaza. Kimya chake kinahesabika vipi?"

"Mngurumo si neno."

"Una maneno ndani. Kasema ndara."

"Kauliza ndara. Hajasema sitaki. Swali la ndara haliingii kwenye nikahi."

Sele akasema aulizwe upya, mwanzo, siku nyingine, na bando jipya. Hamad akasema aulizwe aliye msomi wa dini. Wakili akasema msomi wa dini ataulizwa nini, mwali aliyeunguruma halafu akanyamaza, yuko kitabu gani? Sauti zikapanda, vidole vikaanza kwenda machoni mwa watu, ndipo Mzee Breki akavuta pumzi kutoka kule chini anakovutia.

"Khrrrm."

Tukanyamaza. Na dirishani, taratibu, nyembamba kidogo lakini ukoo uleule, ikaitika.

"Khrrrm."

Paka alihama mtaa siku hiyo. Mzee akasimama pale akisikiliza mpaka ilipoisha, kichwa kakiinamisha upande, jinsi mtu anavyosikiliza redio ikitaja jina lake. Akamwambia Wakili awaambie wazee waje, jibu ni lile lile, na vile vyuma uani vibaki vilivyo, huenda kimoja kikalia vizuri. Kisha akasogea karibu na dirisha, akashusha sauti. Mimi niko upande wa dirisha, nilisikia.

"Mwanangu, hiyo simu yako inachukua sauti ya mtu mmoja tu?"

Sabra akanyamaza.

Na kimya, tulikwishakubaliana, ni ndiyo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavaa ndara, akaingia ndani kupokea wageni, na mtaa mzima ukasikia ameingia.

Adhana ya magharibi ikaanza. Watu wakainuka nguzoni, Hamad akakusanya vikombe, Sele akaenda kutafuta bando, na mimi nikashuka nikatupa miguu chini nikakuta mchanga. Ndara za Mzee zilikuwa chini ya kitanda. Zile alizovaa zilikuwa zangu.

Nikageuka nyuma, nikauliza kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, nani kachukua ndara zangu. Wote wakasimama, wakanipigia makofi.